Bata wa Martini na Kipaimara cha Mzee Ambakisye

Wajukuu zangu mnaoanza kufundisha kipaimara, nasikia mmefanyiwa semina, mkaonyeshwa picha ukutani kwa projekta, mkanywa chai na sambusa. Hongereni sana. Sisi tulipewa chaki na baraka. Ila kuna jambo moja ambalo najua kwenye semina hamkuambiwa, nami siwezi kufa nalo moyoni: bata bukini asiingie kanisani. Awe amefungwa miguu, awe kwenye tenga, awe ameombewa na wazee wote wa kanisa, asiingie. Mengine yanarekebishika.

Mimi ni Tumpe, mwinjilisti mstaafu. Nimefundisha imani huku Matwebe tangu nikiwa na meno yote. Aliyenifundisha kazi ni mwinjilisti Anyosisye, mtu mfupi mwenye sauti ya fahali. Siku zangu za mwanzo alinikuta nimesimama mbele ya watoto nikiwaimbisha amri kumi, nao wanapiga miayo hadi naona koo. Akanivuta nje kwa mkono wa gauni.

"Tumpe, hawa wameamka kuchuma chai. Sasa unamfundisha nani, mtoto au njaa yake? Wape ndizi kwanza."

Basi darasa langu likawa na sufuria. Watoto wa madhehebu mengine walihamia kwangu siku za Jumamosi, na wazazi wao wakadhani ni kwa sababu ya mafundisho.

Amri kumi fundisheni kwa vidole. Anzeni na gumba la kushoto. Mkifanya hivyo, amri ya saba, ile ya usiibe, inaangukia kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia, ndicho hichohicho kinachochovya kwenye kopo la sukari mama akitoka. Mtoto akishaonyeshwa hivyo hasahau. Wengine walikuja kuniambia wamehamia kuchovya kwa mkono wa kushoto, lakini hilo nalo ni dalili kwamba somo limeingia.

Siku za watakatifu ndizo ngumu, kwa sababu mtoto wa Kilutheri atakuuliza tu: "Mwalimu, si tulisema hatuwaombi watakatifu? Sasa siku zao za nini?" Msibabaike. Mwambieni hatuwaombi, tunawakumbuka, tunamshukuru Mungu aliyewashika mkono, maana nao walikuwa wenye dhambi kama sisi. Halafu mtoeni darasani. Siku ya Mathayo, yule mtoza ushuru, mimi nilikuwa nawapeleka wanafunzi mnadani Mpuguso wakamtazame kijana anayekusanya ushuru wa soko. Tunasimama mbele yake, nawauliza: "Je, Yesu angemwita huyu?" Wote kwa pamoja: "Hapanaaa!" Hapo ndipo somo la neema linapoanza. Yule kijana alipoona watoto wamemzunguka wanamtazama kwa huruma, aliniita pembeni akaniuliza kama ana ugonjwa.

Lakini nilitaka kuwasimulia habari za Martini.

Martini alikuwa askari. Siku moja ya baridi alimkuta maskini njiani, hana nguo, naye hakuwa na kitu cha kumpa. Akachomoa upanga, akakata joho lake katikati, nusu akampa yule maskini. Baadaye watu walitaka kumfanya askofu, akakimbia kujificha kwenye banda la mabata bukini. Mabata wakapiga kelele, akakamatwa, akawa askofu. Luther wetu alibatizwa siku ya kumkumbuka huyo, ndiyo maana akaitwa Martin. Siku yenyewe ni Novemba, na mnajua Rungwe Novemba ilivyo: mvua za kupandia, matope, na baridi inayoingia hadi kwenye mawazo.

Mwaka huo nilikuwa na mwanafunzi mmoja aliyekuwa amenizidi umri. Mzee Ambakisye, mkulima wa ndizi kutoka upande wa Nkunga. Alibatizwa mtoto, akaacha darasa la kipaimara akaenda kufanya kazi kwenye mashamba ya chai, akaoa, akazeeka. Mchungaji wa zamani aliibariki ndoa yake akamwambia, kipaimara utamalizia. Hakumalizia. Mkewe, Mama Atupele, alikuwa nguzo ya kwaya, sauti ya kwanza. Kila Jumapili ya Meza ya Bwana mama huyo anakwenda mbele kupokea, mzee anabaki benchi ameshika mkoba wa mkewe magotini, kwa mikono miwili, kama mtu aliyeshika kuku wa watu. Vijana walimwita Mlinzi.

Aliingia darasani kwangu, akakaa kati ya watoto, magoti yamegusa kidevu. Amri alizijua. Sala ya Bwana aliijua. Kilichomshinda ni kueleza imani, pale sehemu ya kwanza, kwamba Mungu ni Muumba. Kitabu chetu cha katekisimu kinataja vitu ambavyo Mungu ametupa. Mzee Ambakisye akianza kutaja, haishi.

"Ameniumba," anaanza vizuri kabisa, kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kinyakyusa. "Amenipa macho. Hili la kushoto lina ukungu. Amenipa masikio, nguo na fiatu. Fiatu hifi nilinunua Tukuyu, vikanibana..."

"Mzee," namwambia, "viatu vinatosha. Endelea mbele."

"Naendelea, Mwalimu. Amenipa ng'ombe. Yule mweupe alikuwa anatoa masiwa, we acha! Jirani akasema amelogwa..."

Watoto wanalala chini kwa kicheko, na jua linazama tukiwa bado kwenye ng'ombe. Mara mbili wazee wa kanisa walimpima, mara mbili wakamrudisha darasani, maana hakuwahi kufika kwenye nukta.

Jioni moja baada ya darasa alibaki nyuma, akanisaidia kuosha sufuria. Akasema bila kunitazama: "Mwalimu, mimi na mama yule ni wazee. Mmoja wetu atatangulia. Nataka tule pamoja meza ile, hata mara moja. Mwaka huu nikishindwa sijui kama nitakuwa na miguu ya kuja tena."

Nikaisugua sufuria ile mpaka ikang'aa kuliko ilivyotoka dukani.

Sasa tulikuwa na mchungaji mpya, kijana, Mchungaji Ipyana, ametoka chuoni na moto wake wote. Akaniambia: "Mwalimu, mwaka huu Mkuu wa Jimbo mwenyewe atakuja kuwapima wanafunzi na kuwabariki siku hiyohiyo. Inaangukia Jumapili ya Martini. Tufanye igizo, watu wauone utakatifu kwa macho!" Niliogopa. Mkuu wa Jimbo hakuwa mtu wa huku, alitoka mbali, mrefu, mkimya, na ilisemekana tangu awe mchungaji hajawahi kucheka akiwa amevaa kola. Lakini nilipomfikiria Mzee Ambakisye nikaona afadhali tumchangamshe mgeni kabla hajaanza kuuliza maswali. Nikampa mzee nafasi ya maskini, kwa kuwa maskini ana maneno mawili tu: "Ndiyo, bwana."

Martini nilimpa Neema, binti mwenye kumbukumbu kuliko wote. Likabaki joho.

Nilikwenda Tukuyu mjini kwa Fundi Shabani. Babu yake alikuja kutoka pwani na cherehani kichwani, na ukoo mzima umeshona nguo za mji ule, kanzu za msikitini na mavazi ya kwaya zetu vilevile. Tulifahamiana tangu ujana.

"Nataka joho, Fundi. Jekundu, zito, lifike miguuni."

"La nani?"

"La Martini Mtakatifu."

Akachukua futi yake shingoni. "Atakuja lini nimpime?"

"Alishakufa zamani, Fundi. Utampima Neema, huyu hapa nje."

Akamtazama Neema, akanitazama mimi, akaamua hiyo ni dini ya watu asiulize. Nikamweleza kwamba joho litakatwa katikati mbele ya kanisa. Akaweka futi chini.

"Mwalimu, unanitukana? Nishone nguo ili uikate? Huyo maskini si angeletwa hapa nimshonee yake? Wallahi ningemshonea!"

"Ndiyo habari yenyewe ilivyo. Ni mambo ya zamani."

Tukavutana hadi tukaelewana: atashona vipande viwili, kisha avishikize katikati kwa bandi tu, ule mshono wa muda wa nyuzi ndefu ambao ukivuta mara moja unaachia. Neema atagusa kwa upanga wa mbao, atavuta, joho litaachana. Kabla sijaondoka mkewe akatutolea uani bata bukini wa kuazima, dume, mweupe, mwenye shingo ndefu na macho ya hakimu. Mimi nikashukuru! Nikambeba mwenyewe, wajukuu zangu, nikiwa na furaha.

Jumapili ikafika na mvua yake. Kanisa limejaa, mvua inapiga bati, Mkuu wa Jimbo amekaa mbele na kanzu yake nyeupe, uso kama mlango uliofungwa. Fundi Shabani naye alikuja, akakaa benchi la nyuma kabisa na kofia yake, kuangalia kazi ya mikono yake inavyopokelewa. Bata alikuwa kwenye tenga kando ya meza ya maua, akingojea sehemu ya pili, ile ya Martini kujificha bandani.

Mzee Ambakisye akaketi kwenye ngazi ya madhabahu amejifunga gunia, anatetemeka kweli, hakuigiza. Neema akaingia amepanda ufagio kama farasi, joho jekundu linaburuzika nyuma yake, na kanisa zima likasema "Aaa!" Kule nyuma Fundi akajinyoosha.

"Ewe maskini," Neema akapaza sauti, "je, una baridi?"

Mzee Ambakisye hajazoea kusemeshwa na mtoto mbele ya watu bila salamu. Akasema: "Ya kawaida tu, mwanangu. Hujambo? Nyumbani hawajambo?"

Watu wakaangua kicheko. Nilimtazama Mkuu wa Jimbo. Mlango ulikuwa bado umefungwa.

"Una baridi SANA," Neema akamjulisha. Akachomoa upanga wa mbao, akagusa joho, akashika upande mmoja akavuta. Halikuachia. Akavuta tena. Akakanyaga upande wa chini kwa mguu akavuta kwa mikono yote miwili. Wapi! Mzee akaona binti wa watu anaaibika, akashika upande wa pili kumsaidia. Ukawa mchezo wa kuvuta kamba, askari huku, maskini kule, ufagio katikati.

"Usivute begani!" sauti ikatoka nyuma. Fundi Shabani alikuwa amesimama. "Bega nimelipiga mara mbili!"

Nikageuka. "Fundi! Tulisema bandi!"

"Mwalimu, nisamehe, nilishindwa. Nguo haitoki kwangu na bandi. Watu wataiona! Watasema Shabani amezeeka, anatoa nguo haijaisha! Nimeipiga cherehani, nikarudia."

Wakati huo Neema aliteleza. Alianguka juu ya meza ya maua, meza ikaangukia tenga, tenga likafunguka.

Nimeona mengi katika kazi hii. Nimeona mtoto akimeza jiwe kumwigiza Daudi. Lakini sijaona kiumbe kinachotoka gizani kikiwa na hakika ya kinachotaka kama bata yule. Alinyoosha shingo chini, akatanua mabawa, akapiga yowe, na katika kanisa zima lililojaa wenye dhambi akachagua kanzu ya Mkuu wa Jimbo. Akaikamata pindo. Mkuu akasimama. Bata hakuachia. Mkuu akapanda juu ya benchi, na bata akaning'inia kidogo kabla ya kuanguka na kupanga upya mashambulizi. Wazee wa kanisa wakaja na miavuli, wakakimbizwa hadi kwenye ngoma za kwaya. Mchungaji Ipyana alikuwa anasema "Tutulie, wapendwa, tutulie," akiwa yeye mwenyewe nyuma ya mimbari, ameinama.

Aliyetulia ni mmoja. Mzee Ambakisye alisimama, gunia likamwanguka, akalikusanya lile joho zima, akalirusha kama mtu anayetandika kitanda. Likamfunika bata. Akapiga magoti, akamkumbatia ndani ya nguo, akamwambia maneno ya Kinyakyusa kwa sauti ya chini. Bata akanyamaza. Kichwa chake kikatoka kwenye shingo ya joho, na hapo akaonekana mtakatifu kuliko sisi sote.

Mkuu wa Jimbo akauliza kutoka juu ya benchi: "Huyu baba ni nani?"

"Ni mwanafunzi wa kipaimara, Baba Mkuu," nikasema.

"Basi tuanze na yeye." Akashuka kwa tahadhari, akiangalia bata. "Baba, nieleze. Tunaposema tunamwamini Mungu Mwenyezi, Muumba, tunakiri nini?"

Katika maswali yote! Nilimwona Mama Atupele kwenye kwaya amefumba macho.

Mzee akasimama na bata kwapani. "Ameniumba mimi," akaanza. "Amenipa macho, Baba Mkuu, hili la kushoto lina ukungu lakini linaona. Amenipa masikio. Nguo na fiatu, vinabana. Migomba. Ng'ombe, na jirani wa kumsema ng'ombe. Amenipa mvua hii. Amenipa chai, niliichuma ujana wote mpaka mikono ikawa hifi. Amenipa watoto, wawili amewachukua tena, sijui kwa nini, nitamuuliza..."

Nikainua mkono kumkatisha, nilivyozoea. Sauti ya kwanza ya kwaya ikapasuka kule pembeni: "Mwalimu, mwache amalize!"

Nikashusha mkono. Mzee akamtazama mkewe.

"Amenipa yule pale. Huwa ananikemea, lakini usiku ananifunika. Na vyote hifi sikustahili. Migomba sikustahili, yule mama sikustahili. Bata huyu ni wa Fundi, lakini naye, nikimshika hivi, naona sikustahili. Amenipa tu kwa wema wake. Kwa hiyo ni lazima nimshukuru, nimtumikie. Basi."

Alifika kwenye nukta! Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Mzee Ambakisye alisema "basi", akaacha.

Mkuu wa Jimbo akapangusa miwani. "Baba," akasema, "umeongeza vitu vingi ambavyo havimo."

"Havimo kitabuni, Baba Mkuu. Fimo nyumbani."

Ndipo yule mtu akacheka. Kilianza mabegani, kikapanda hadi kwenye kola, kisha kikatoka, kicheko kikubwa cha kizamani, na sisi sote tukamfuata kama watu waliofunguliwa zizi. "Amefaulu," akasema akijifuta machozi. "Amefaulu, jamani. Mtoeni bata."

Fundi Shabani ndiye aliyekuja kumchukua. Akaja kwa heshima zote katikati ya kanisa, viatu mkononi kwa mazoea ya msikitini, akampokea bata, akampa Neema amshike, bata wa watu sasa mpole kama mto wa kulalia. Kisha Fundi akatazama joho mikononi mwa mzee. Akatazama watu. Akatia mkono mfukoni akatoa mkasi.

"Bismillahi," akasema, akakata.

Alikata kuanzia shingoni mpaka pindo, mstari ulionyooka, na alipomaliza alikuwa na machozi. Nusu akamvika Mzee Ambakisye mabegani juu ya fulana yake iliyolowa. Akarudi nyuma hatua moja, akakodoa jicho. "Kesho uniletee niipinde hapo ukingoni," akamnong'oneza, "isije ikachanika, ukanitia aibu."

Sehemu ya pili ya igizo hatukuifanya. Hakuna aliyeiulizia. Wanafunzi wengine wakapimwa, wakajibu vizuri kuliko walivyowahi kujibu kwangu, kwa sababu hofu yote ilikuwa imeisha kwa bata. Wakabarikiwa mmoja mmoja, mkono kichwani, na ikaja Meza ya Bwana.

Wapya hupokea kwanza. Mzee Ambakisye akapiga magoti wa kwanza kwenye mstari, nusu joho mabegani, na Mama Atupele akateremka kutoka kwaya bila kuitwa, akapiga magoti ubavuni pake. Hakuna mzee wa kanisa aliyethubutu kumwambia si zamu yake. Nilikuwa nimewafundisha wote: ukipewa mkate, unaitikia "Amina". Tulifanya mazoezi kwa vipande vya maandazi. Mkuu wa Jimbo akamwekea mzee mkate mkononi na maneno yake. Mzee akautazama, akautazama sana. Ile "Amina" tuliyoifanyia mazoezi ikapotea huko ilikopotelea. Akasema alivyomshukuru mtu maisha yake yote, kwa lugha ya mama yake:

"Ndaga, Tata."

Ni "asante, Baba", hakuna zaidi. Mama Atupele akapewa, naye akasema hivyohivyo. Anayefuata alikuwa Neema, na Neema, binti wa kumbukumbu, akadhani ndivyo tunavyofanya siku hizi. "Ndaga, Tata." Wa baada yake naye. Mpaka mwisho wa mstari, watoto wote walioiva kwa Amina darasani kwangu, "Ndaga, Tata, Ndaga, Tata," hata mmoja ambaye wazazi wake ni wa Singida. Nilitamani ardhi inimeze, na wakati huohuo nilitamani wasifike mwisho.

Mkuu wa Jimbo alinitupia jicho. Nikainua mabega. Alipomaliza kuwahudumia watu alipiga magoti yeye mwenyewe, Mchungaji Ipyana akampa mkate. Akakaa nao kidogo, kanzu yake imechanika pindo. Kisha mtu yule wa mbali, kwa matamshi mabaya kuliko yote niliyowahi kusikia katika wilaya ya Rungwe, akasema, "Ndaka, Tata."